Mnyama Asiyekuwepo: Utangulizi wa Uhuishaji wa Wanyama kwa Wanafunzi wa Filamu

Sokwe mtu wa kwanza niliyemtengeneza kwa kompyuta pamoja na wanafunzi wangu alikuwa na tabasamu la kupendeza. Midomo ilifunguka, meno ya juu na ya chini yakaonekana yote, macho yakametameta. Uso huo ulituchukua wiki tatu, na siku ulipokamilika tulipeana mikono kama watu waliopata mtoto. Nikabeba kompyuta hadi Lwiro, kwenye kituo cha kutunza sokwe mtu nje ya mji wetu wa Bukavu, nikamwonyesha mtunzaji mmoja ambaye kila asubuhi huwapelekea wanyama hao chakula chao. Akatazama. Akaniomba nirudishe nyuma, akatazama tena. Kisha akauliza kwa Kiswahili chetu cha Kivu, mashariki mwa Kongo: "Mwalimu, huyu iko naogopa nini?"

Alisema kweli. Sokwe mtu aliyevuta midomo nyuma na kufunua meno yote hacheki. Ana hofu, au anajinyenyekeza mbele ya mkubwa wake. Akiwa anacheza na kufurahi, hulegeza taya, mdomo ukaachama, meno ya chini yakaonekana huku ya juu yakibaki yamefunikwa. Sisi tulikuwa tumechukua furaha ya binadamu na kuivika manyoya. Programu haikutuonya, kwa kuwa programu haijui sokwe mtu ni nini. Aliyejua ni mtu ambaye hajawahi kufungua programu ya aina hiyo, ila ameketi na wanyama hao miaka na miaka.

Nimeanza na aibu hii kwa sababu fani nzima ninayokukaribisha imo ndani yake. Wengi wanaokuja kwangu huuliza kwanza kompyuta ya kununua. Ni swali la haki, na nitalijibu. Lakini kabla ya kompyuta kuna jicho, na jicho halinunuliwi. Mwanafunzi wa Bukavu asiye na pesa ya kununua mashine ya maana anaishi mwendo wa saa chache tu kutoka kwa wanyama ambao studio tajiri za dunia hulazimika kuvuka bahari ili ziwaone. Utajiri huo ndio ninaotaka uuone kabla hujaanza kulalamikia umaskini.

Fani yenyewe

Madoido ya picha ni ufundi wa kuunganisha kile ambacho kamera ilikiona na kile ambacho hakikuwahi kusimama mbele yake, mpaka mtazamaji asijue mshono uko wapi. Moshi huongezwa, mvua huongezwa, hata ghorofa ambayo haijajengwa. Mtihani mkubwa, hata hivyo, ni mnyama. Ghorofa ya bandia ikikosewa kidogo, wachache watagundua. Mbuzi akikosewa, mtoto wa miaka sita wa huku kwetu Kabare atakwambia kwamba mbuzi hainuki hivyo: huinua kwanza sehemu ya nyuma, magoti ya mbele yakiwa bado chini. Hakuna aliyemfundisha. Ameona.

Kiswahili kimeipa kazi hii jina zuri. Kuhuisha ni kukipa uhai kitu kisicho nao, na mhuishaji ni mwenye kufanya hivyo. Neno hilo halisemi lolote kuhusu mashine, nami nalipendea hapo hapo. Mzee anayesimulia hadithi ya Sungura na Fisi jioni, akainamisha bega moja, akaburuta mguu na kukwaruza sauti, mpaka watoto wakamwona Fisi pale penye kiti, ni mhuishaji. Ana mwili wake tu, na anajua ni kitu gani kinachomfanya Fisi awe Fisi: si madoa, ni ule mgongo ulioteremka nyuma na mwendo wa kuvizia.

Ukoo huo wa hadithi uliingia kwenye filamu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1950, padre Mbelgiji Alexandre Van den Heuvel alitengeneza Kongo mfululizo wa katuni za Mboloko, paa mdogo mwenye akili nyingi. Mwaka 1991 Jean-Michel Kibushi, Mkongomani kutoka Sankuru, alitoa filamu fupi ya chura anayekwenda kuwatembelea wakwe zake, Le Crapaud chez ses beaux-parents, aliyoijenga juu ya hadithi ya kwao. Na kuanzia mwaka 2010 watoto wa nchi nyingi walitazama Tinga Tinga Tales, iliyohuishwa Nairobi kwa kufuata mtindo wa michoro ambao Edward Saidi Tingatinga aliuanzisha Dar es Salaam. Wanyama wa kazi hizo huongea na kuvunja sheria za mwili wapendavyo, na ni haki yao. Fani ya kitabu hiki inaomba jambo tofauti: mnyama aingie katika picha ya kamera, asimame kando ya mtu halisi juu ya udongo halisi, na mtazamaji asishtuke.

Walikotazama wenzetu

Historia ya kumtazama mnyama na kumwingiza katika picha ni ndefu, nami nitachukua mifano michache inayofundisha. Mwaka 1878, kule California, Eadweard Muybridge alipanga kamera mstari mmoja kando ya njia ya farasi na kuthibitisha kwamba farasi akipiga mbio kuna wakati miguu yote minne huwa hewani. Wachoraji walikuwa wamechora farasi kwa karne nyingi wakikosea. Mwaka 1933, katika filamu ya King Kong, Willis O'Brien alihuisha vinyago vidogo vilivyovikwa manyoya ya sungura, akivisogeza kidogo kidogo kwa mkono kati ya picha na picha. Kila alipokigusa kinyago, manyoya yalilala upande mwingine. Ukiitazama filamu hiyo leo utaona manyoya yakitikisika bila upepo: hizo ni alama za vidole vya fundi.

Baadaye wakaja watu ndani ya mavazi. Filamu ya mwaka 1988 kuhusu Dian Fossey, Gorillas in the Mist, ilichanganya sokwe halisi wa milimani na waigizaji waliovaa mavazi ya fundi Rick Baker. Kisha kompyuta. Jurassic Park ya 1993 ilionyesha kwamba ngozi na uzito vinaweza kuhesabiwa, Monsters, Inc. ya 2001 ikaonyesha kwamba nywele zaidi ya milioni 2 za kiumbe mmoja zinaweza kuyumba kila moja kivyake. Kwa ajili ya King Kong ya 2005 mwigizaji Andy Serkis alikwenda Rwanda kutazama sokwe, na mwaka 2011, katika Rise of the Planet of the Apes, sokwe wote walikuwa wa kidijitali. Watengenezaji wa The Lion King ya 2019 nao walifunga safari ya Kenya kutazama simba na nyika kabla ya kuketi kwenye mashine zao.

Tazama walikoelekea hawa wa mwisho: Rwanda, Kenya. Wenye mashine kubwa kuliko zote duniani walipokwama walikuja kukaa kwenye nyasi zetu na kutazama. Sisi tayari tupo. Kilichobaki ni kujifunza kutazama kama watu wa kazi.

Nisiufiche upande mwingine. Studio iliyomtengeneza chui milia wa Life of Pi ya 2012, ambaye katika sehemu kubwa ya filamu hiyo ni wa kompyuta, iliomba kinga ya kufilisika Februari 2013, siku chache kabla kazi hiyo haijapata tuzo ya Oscar ya madoido ya picha. Fani hii inaweza kukupa sifa na kukunyima mshahara katika juma hilo hilo. Anayeingia aingie akijua.

Lwiro kama maktaba

Lwiro iko kaskazini mwa Bukavu, kilomita 40 na kitu kwa njia ya Kavumu, chini ya milima ya Kahuzi. Mwaka 1947 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya Kati, IRSAC, na Lwiro ikawa makao yake: majengo makubwa yenye baraza za matao, maktaba, makusanyo ya mimea na wanyama, vipimo vya matetemeko ya ardhi. Leo taasisi hiyo ni kituo cha utafiti wa sayansi asilia, CRSN-Lwiro. Kando yake, mwaka 2002, CRSN na shirika la taifa la hifadhi, ICCN, walianzisha kituo cha kutunza sokwe mtu na nyani wadogo waliookolewa kutoka kwa majangili na wafanyabiashara. Sokwe mtu pekee wamepita 100.

Mwanafunzi wa uhuishaji atapata pale kitu ambacho video ya simu haimpi: muda. Kaa nje ya uzio saa mbili bila kamera, na daftari tu. Tazama mwendo. Sokwe mtu hatembei kwa viganja, hutembea juu ya viungo vya vidole vilivyokunjwa, na mikono yake ni mirefu kuliko miguu, kwa hiyo mgongo hushuka kutoka mabegani kwenda nyuma. Sasa tazama mguu wa nyuma. Hatua yake ni ndefu kiasi kwamba mguu huupita mkono uliotangulia kutua. Ili visigongane, mguu mmoja hupita upande wa ndani wa mkono na mwingine upande wa nje. Matokeo yake mwili mzima huenda umekaa mshazari kidogo, kama gari lililopinda chasisi. Katika kazi za wanafunzi kumi, tisa humfanya atembee amenyooka kama meza. Mtazamaji hajui kosa liko wapi, anajua tu kwamba mnyama "haendi".

Tazama na nywele. Sokwe mtu akichachamaa, nywele humsimama akaonekana mkubwa ghafla. Kwa hiyo manyoya si nguo ya kuvalisha mwishoni; ni sehemu ya uigizaji. Tazama macho: sehemu ambayo kwetu ni nyeupe, kwake kwa kawaida ni ya giza, hivyo utajua anatazama wapi kwa kufuata kichwa kuliko mboni. Tazama watoto: uso bado mweupe, na kishungi cha nywele nyeupe matakoni ambacho hupotea anapokua. Wakubwa wengine humsamehe mtoto makosa mradi alama hiyo ipo. Ukimhuisha mtoto ukasahau kishungi, umemnyima kitambulisho chake.

Uso ni somo peke yake. Mwaka 1978 wanasaikolojia Paul Ekman na Wallace Friesen walitoa mfumo wa kuorodhesha kila msuli wa uso wa binadamu na badiliko linaloletwa nao. Mwaka 2007 watafiti wakatoa mfumo wa aina hiyo kwa ajili ya sokwe mtu. Ni orodha ambayo kila anayejenga uso wa kompyuta angepaswa kuwa nayo mezani. Ingetuokolea wiki tatu.

Sharti moja halina mjadala. Ukiwa na mafua, usiende. Mwaka 2013 huko Kibale, Uganda, kirusi cha mafua ya kawaida ya binadamu kiliingia katika jamii ya sokwe mtu wa Kanyawara na kuua watano kati ya 56. Na tangu Februari 2025 vita vilipoufikia mji wa Bukavu, safari yoyote ya upande ule hupangwa kwa kuwasikiliza wenyeji, si kwa kalenda ya masomo. Daftari litakungoja.

Sekunde nne

Sasa tuingie jikoni. Chukua tukio moja dogo: mtoto wa sokwe mtu anatokea nyuma ya nguzo ya baraza, ananyakua muhindi wa kuchoma uliowekwa kwenye ngazi kando ya mwanafunzi anayesoma, anatoweka. Sekunde nne. Kwa kuwa sinema huenda kwa picha 24 kila sekunde, hizo ni picha 96.

Siku ya kupiga picha, mnyama hayupo. Lakini muhindi lazima uondoke kweli, basi unafungwa uzi mwembamba wa nailoni, ule wa wavuvi wa Ziwa Kivu, na mtu aliyejificha anauvuta. Uzi utafutwa baadaye. Mwanafunzi anayeigiza lazima ageuke kutazama mahali sahihi, kwa hiyo kabla ya kupiga picha, mtu anasimamisha fimbo yenye mpira mdogo uliokaa kwenye kimo cha kichwa cha mnyama. Pima kimo hicho kwa mita na ukiandike, maana jicho la mwigizaji likitazama sentimita 20 juu ya kichwa, hakuna kompyuta itakayomwokoa. Kisha weka pale pale tufe linalong'aa, hata pambo la Noeli lililobaki nyumbani, na ulipige picha: ndani ya tufe utaona jua liko wapi, ukuta unarudisha mwanga wa rangi gani, kivuli kinatoka upande upi. Kwa picha hiyo utamwangazia mnyama wako kwa mwanga ule ule wa baraza.

Nyumbani, programu inachunguza picha ulizopiga na kukokotoa kamera yako ilikuwa wapi na ilitikisika vipi, ili kamera ya kompyuta iige mtikisiko ule ule. Mnyama anachongwa, anatiwa mifupa ya kidijitali, na kila eneo la ngozi linaambiwa lifuate mfupa upi na kwa kiasi gani. Kazi hiyo inachosha na haionekani. Ikifanywa vibaya, bega litakunjamana kama mfuko wa plastiki. Kisha unahuisha. Usianze na mkono unaonyakua. Anza na uzito: mwili ukielekea mbele kabla ya mkono kunyooka, mkono wa pili ukibeba kilo zote kwa nusu sekunde, kichwa kikimtazama mwanafunzi na si muhindi. Mwizi hutazama mwenye mali.

Na hapo pa mwisho ndipo penye siri ya tukio zima. Ukimfanya atazame muhindi, una mashine inayookota kitu. Ukimfanya atazame mtu, una kiumbe mwenye nia. Tofauti ni nyuzi chache za mgeuko wa shingo.

Baada ya hapo zinabaki alama za mguso: kivuli cheusi chini ya vidole, vumbi kidogo kwenye ngazi, jani lililotikisika alipopita. Mnyama asiyegusa kitu huelea. Nimeona kazi za wanafunzi zenye manyoya ya ajabu zikianguka kwa kukosa kivuli cha upana wa kidole kimoja.

Umeme wa Ruzizi

Nimeahidi kujibu swali la kompyuta. Programu usinunue. Programu ya uhuishaji ya Blender ni ya bure tangu msimbo wake ulipoachiwa umma mwaka 2002, na mashaka ya kwamba cha bure ni cha kitoto yaliisha Machi 2025, pale Flow, filamu ya Gints Zilbalodis wa Latvia kuhusu paka na wenzake katika mafuriko, iliyotengenezwa kwa Blender na kundi dogo, iliposhinda Oscar ya filamu ndefu ya uhuishaji. Hakuna mnyama anayesema neno ndani yake.

Mashine ni habari nyingine, na hapa hesabu husaidia kuliko ndoto. Hatua ambayo kompyuta inakokotoa mwanga, nywele na vivuli vya kila picha, mafundi wanaiita kurenda. Tuseme kompyuta yako inachukua dakika 6 kwa picha. Sekunde zetu nne, picha 96, zitachukua dakika 576, yaani zaidi ya saa tisa na nusu. Matukio 15 ya urefu huo ni siku sita mfululizo bila umeme kukatika. Sasa, wewe unaishi Bukavu. Mabwawa ya umeme ya mto Ruzizi yako jirani, na umeme unakatika tu.

Kwa hiyo jifunze jambo hili kabla ya mengine yote: usirende filamu, renda picha. Iambie programu iandike kila picha kama faili yake, yenye namba, badala ya video moja. Taa zikizimika kwenye picha ya 61, umepoteza picha ya 61. Zikirudi, unaendelea kutoka hapo. Aliyeandika video moja ameanza upya. Mafundi wa dunia nzima hufanya hivyo kwa sababu zao. Sisi tumefundishwa na giza.

Hesabu hiyo hiyo inafundisha na sanaa. Mwenye saa chache za mashine hupunguza matukio yenye mnyama na kuyafanya yawe na maana. Kivuli ukutani, tawi linalotikisika, sauti nyuma ya mlango, kisha mara moja tu, sekunde nne, mnyama mzima. Filamu ya mwanafunzi ya dakika tano haihitaji zaidi ya hapo. Msimulizi wa jioni naye hakumwonyesha Fisi muda wote.

Mabishano ya fani

Fani hai huwa na ugomvi, na yetu inao wa kutosha. Wa kwanza ni wa mkono na mwili. Upo unasaji wa mwendo, ambapo mwigizaji huvaa vialama na kompyuta ikafuata mwili wake. Na upo uhuishaji wa mkono, ambapo fundi huweka kila pozi mwenyewe. Andy Serkis alidai kwamba sokwe wake ni uigizaji uliovikwa vipodozi vya kidijitali. Wahuishaji wengi wakakasirika, wakikumbusha saa walizotumia kusahihisha kilichonaswa. Mimi nasimama karibu na wahuishaji, kwa sababu ya mifupa tu: mikono yetu ni mifupi, na mwendo wa binadamu aliyeinama si ule mwendo wa mshazari tuliouona uzioni. Lakini mwanafunzi aliyejaribu kutembea hivyo sakafuni, mpaka mabega yakamuuma, huhuisha vizuri kuliko yule aliyeketi. Jaribu. Watakucheka, Waswahili walishasema nyani haoni kundule, na zamu hii nyani ni wewe.

Wa pili ni wa uhalisi. The Lion King ya 2019 ilisifiwa kwa manyoya na kulaumiwa kwa nyuso, kwa kuwa simba aliyechorwa kwa ukweli wote hana nyusi za kuhuzunika nazo. Paka wa Flow hana manyoya ya kuhesabika, na watu walilia. Jibu langu ni kwamba ukweli wa tabia unatangulia ukweli wa ngozi, lakini kama filamu yako inamweka mnyama kando ya mtu halisi, ngozi nayo itakudai.

Wa tatu ndio mzito, na hauhusu ufundi. Kwa miongo mingi sinema na matangazo yalitumia sokwe mtu hai, watoto walionyang'anywa mama zao, wakavishwa mashati na kufundishwa kufunua meno kwa kamera. Sasa unajua maana ya meno yale. Kompyuta imeondoa haja hiyo, na hiyo ni heri kubwa. Haijaondoa deni lote. Mwaka 2011 utafiti uliochapishwa katika jarida la PLoS ONE ulionyesha kwamba watu walioona picha ya sokwe mtu akiwa karibu na binadamu walielekea zaidi kudhani kwamba hali ya wanyama hao porini ni njema. Picha ndiyo iliyosema hivyo, na picha ya kompyuta ni picha. Ukimhuisha mtoto wa sokwe mtu amebebwa kama mwanasesere sebuleni, mtu fulani mahali fulani atataka wa kwake, na njia ya kumpata mtoto huyo ni kumuua mama yake. Sheria ya Kongo ya Februari 2014 kuhusu hifadhi ya asili inaikataza biashara hiyo. Sheria haiko kwenye filamu yako. Uamuzi wako ndio uko pale. Muhindi wa kuchoma katika mfano wangu haukuwekwa kwa bahati: mnyama anaiba na kukimbia, haketi mapajani.

Deni linawahusu na watu. Msitu utakaoupiga picha kama mandhari una wenyewe. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyotangazwa mwaka 1970, ikaingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 1980 na kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 1997, iliundwa kwa kuwatoa Wabatwa, wenyeji wake, msituni mwao. Filamu yenye sokwe wa kupendeza na msitu usio na mtu inasema jambo, hata kama mtengenezaji hakukusudia.

Kazi inayokungoja

Mengi hayajafanywa, na ndiyo maana nakuita. Kiswahili bado hakina msamiati uliotulia wa fani hii. Nusu ya maneno ya kitabu hiki nimeyatunga au nimeyaazima, na wewe utayasahihisha. Neno sokwe lenyewe lina historia huku kwetu: David Livingstone, akiwa Manyema mwaka 1870 na 1871, aliwaandika wanyama hao kwa jina la "soko", na Kivu bado tunasema sokomutu. Sijaona mkusanyo wa wazi wa mienendo ya wanyama wetu uliotengenezwa kwa ajili ya wahuishaji, wenye vipimo, uliopigwa kutoka pande mbili kwa wakati mmoja. Mbuzi wa Kabare, ng'ombe wa Kalehe, kunguru wa sokoni Kadutu: anza nao. Hawahitaji kibali, na kila kosa lako litagunduliwa na jirani.

Sura zinazofuata zinakwenda kwa mpangilio wa kazi: kutazama, kupiga, kuchonga, kutia mifupa, kuhuisha, nywele, mwanga, kuunganisha, sauti. Unaweza kuruka sura yoyote isipokuwa ya kwanza.

Miezi kadhaa baada ya aibu ile nilirudi Lwiro na mnyama yule yule, uso umejengwa upya, meno ya juu yamefunikwa, mwili umekaa mshazari. Mtunzaji alitazama zile sekunde nne mara mbili, kama mara ya kwanza. Hakusema ni nzuri. Aliuliza swali ambalo nadhani huwauliza wote wanaomletea mnyama mgeni: "Na huyu, walimukamatia wapi?"

Nikamjibu kwamba hakukamatwa popote. Akacheka, akaniomba nimwonyeshe tena.